Injini ya Maji Niliyoinyima Maji

Ngoja nianze na ujinga wangu kabla hamjausikia kwa watu wengine. Ijumaa moja, Fundi akiwa ameenda kuswali Kitui mjini, niliwasha injini ya mashindano ambayo tulikuwa tumemaliza kuiunda, nikainywesha maji yale yale yaliyokuwa yametoka ndani yake, ya moto na yenye mchanga, huku nikimtolea ulimi rafiki yangu aliyekuwa ananichukua video. Injini ikaungua. Video ilipendwa sana.

Nawaandikia nyinyi mtakaokuja gereji ya Kanyangi likizo ijayo. Mimi nimestaafu. Niko Fomu Tatu, ndevu zangu ni chache mpaka nimezipa majina, lakini nimestaafu. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema mtu hustaafu kwa uzee au kwa heshima. Mimi sina hata kimoja, kwa hivyo labda neno ni lingine, atalipiga kalamu nyekundu. Kupandishwa cheo sikuwahi. Cheo kilikuwa kimoja tu, "wewe kijana," niliingia nacho na nimetoka nacho. Kwa hivyo twende kwa kazi.

Nilianza nikiwa darasa la nane. Nilipeleka baiskeli kuzibwa pancha, nikakuta Fundi Athmani ameinama juu ya kitu ambacho sikuwa nimewahi kuona. Kilikuwa kama pikipiki iliyomezwa na mtumbwi. Nikamuuliza magurudumu yako wapi. Akasema imeyaacha nyumbani. Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipokutana na jeti, pikipiki ya maji, na ndiyo siku ya kwanza mtu mzima alinijibu upuuzi kwa upuuzi. Nikabaki. Baiskeli ilizibwa kesho yake.

Mtashangaa jeti inatafuta nini Kanyangi. Hata sisi tulishangaa. Ziwa hatuna. Tuna mto Athi, ambao wakati wa kiangazi unauvuka kwa kukunja suruali tu. Lakini Bwana Munyao, mwenye hardware kule Tawa, ana pesa na hana hobi nyingine. Pasaka na Krismasi yeye na wenzake hupeleka jeti zao kwenye bwawa la Tana kushindana, na aliyeshindwa husemwa mwaka mzima. Munyao hakutaka kusemwa. Akamtafuta fundi, akaambiwa yuko Mswahili mmoja Kanyangi aliyefanya kazi ya injini za boti Mombasa miaka mingi, sasa anatengeneza pampu za wakulima na boda boda. Ndiye huyo Fundi Athmani. Babu yake alikuja Kitui kutoka pwani kufanya biashara, wakabaki. Kiswahili chake kilikuwa laini kabisa. Changu karibu na chake kilikuwa kama mbuzi ameingia kanisani.

Siku hiyo ya kwanza alinipa pistoni, kitambaa na mkebe wa petroli, akaniambia nioshe halafu nimwambie ule mshale uliochorwa juu ya pistoni una maana gani. Nikamwambia unaonyesha juu ni wapi. Akacheka mpaka akaketi. "Mshale unaelekea moshi unakotokea," akasema. "Ukiigeuza, ringi inanasa kwenye tundu na unanunua injini nyingine." Wekeni hilo kichwani. Wengi wenu mtaanza na pistoni na wengi wenu mtasema inaonyesha juu.

Kuongeza nguvu ya injini watu wanafikiri ni kufunga kitu kikubwa. Kazi kubwa ni kukwangua. Hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, tulikuwa tunaisugua juu ya kioo cha dirisha, kioo kimelazwa kwenye meza na msasa umebandikwa juu yake, unazungusha hedi kama mtu anayechora nane, unageuza, unazungusha tena. Kioo kwa sababu hakuna kitu kingine Kanyangi kilichonyooka, Fundi alisema, na hapo aliangalia watu waliokuwa wanapita. Hedi ikipungua kidogo, mchanganyiko wa petroli na hewa unabanwa zaidi na injini inapata hasira. Ukipunguza sana, inajipiga yenyewe. Kujua umefika wapi, unapitisha kipande cha waya wa risasi kwenye tundu la plagi, unazungusha krenki, ule mhimili unaopandisha pistoni, kwa mkono, pistoni inaubana ule waya, unautoa na kupima unene uliobaki. Mimi nilipenda hiyo kazi kuliko zote. Nyingine ilikuwa kupanua matundu ya silinda kwa jiwe dogo la kusaga, na hiyo Fundi hakuniachia kwa sababu alisema mkono wangu una mzaha.

Fundi akiswali kwenye mkeka wake kati ya jenereta na rundo la tairi, kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Ilikuwa ngumu kuliko kazi zote.

Sasa sikieni mambo ya maji, kwa sababu hapo ndipo yote yalipoharibikia. Jeti haina rejeta. Inapoozwa na maji ya huko nje inakokimbilia. Ukitaka kuijaribu nchi kavu lazima uiunganishe na mpira wa maji, na kuna utaratibu. Unawasha injini kwanza, ndipo unafungua maji. Ukimaliza unafunga maji kwanza, ndipo unazima injini. Ukikosea, maji yanaingia kwenye silinda. Na maji yakishapita kwenye injini yanamwagika chini. Yanaenda. Huyataki tena.

Hiyo ya mwisho ndiyo ilitushinda watu wa Kanyangi. Maji hapa yanaletwa na punda kwa mitungi. Kila tulipojaribu injini, watu walikusanyika, na hawakuja kuona jeti. Walikuja kuona maji yakimwagika. Mama mmoja wa karibu alisimama na mtungi wake mtupu akatazama mpaka mwisho, akamuuliza Fundi kama huko pwani walimfundisha dhambi hii au aliijua mwenyewe. Siku iliyofuata mtu aliweka beseni chini ya egzosi. Hakuna aliyekiri, lakini beseni lilikuwa la kwetu.

Kwa hivyo ile Ijumaa, nilipoona maji kwenye pipa yamekaribia kuisha na video bado haijawa tamu, sikufikiria sana. Nilichukua mpira wa maji yanayotoka nikaurudisha kwenye pipa. Yatazunguka, nikasema. Nilijiona profesa. Maji yakawa ya moto, yakachanganyika na mafuta, yakakoroga mchanga wa chini ya pipa, yakarudi ndani. Injini ililia vizuri sana, halafu ikabadilisha sauti kama mtu aliyemeza mfupa, halafu ikanyamaza. Nikajaribu kuzungusha krenki kwa mkono. Ilikuwa kama kuzungusha Kanyangi.

Fundi aliporudi alifungua hedi, akaingiza kidole kwenye silinda, akakitoa, akakinusa.

"Umeinywesha chai," akasema.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alimpigia Bwana Munyao simu akamwambia injini imeharibikia gerejini na yeye ndiye mwenye gereji. Pistoni na ringi mpya zikaagizwa Mombasa, zikaja, silinda ikasuguliwa. Haraka haikuwepo, Pasaka ilikuwa bado. Ikabaki vipande mezani, kila kipande kwenye kitambaa chake, ikingoja tupate nafasi.

Nina ndugu mkubwa, Musyoka. Yeye aliacha shule nilipoingia sekondari, akaenda kupakia mchanga kwenye malori kule mtoni. Wapakiaji wanashuka katikati ya mto pale maji yalipokauka, wanajaza lori kwa koleo, lori linaondoka, wanangoja lingine. Mchana alikuwa anapitia gerejini kuketi kwenye tairi na kunidharau. Jeti alikuwa anaiita ng'ombe asiyekamuliwa. "Mnamlisha, mnamwosha, maziwa iko wapi?" Nilimwambia akijaribu kuipanda itamtupa. Alisema haitamtupa, itamhurumia kwa sababu yeye pia hutumwa.

Asubuhi mambo yalipotokea, Kanyangi kulikuwa na jua. Huo ndio mtego wa Athi. Mvua inanyesha huko juu, Machakos na kwingine, na nyinyi huku mmeanika nguo. Dereva wa lori alisikia mlio wa mafuriko yanayokuja, akawapigia kelele, akaondoa lori. Watu watatu walikuwa mbali na lori. Walikimbilia mwamba ulioko katikati, maji yakapita pande zote mbili. Kijana wa boda ndiye alileta habari gerejini. Aliwataja: Mutinda, aliyekuwa darasa moja na mimi kabla aache shule, Mzee Nzioka, mwenye goti bovu. Halafu akaniangalia akasema, "Na wa kwenu."

Watu walikuwa wamejaribu kamba. Haikufika. Waokoaji waliopigiwa simu walikuwa wamesema wanakuja, lakini barabara ilikuwa imekatika huko njiani. Kioko, kijana wa Tawa anayemwendeshea Bwana Munyao jeti kwenye mashindano, alikuwa amelala Kanyangi kwa sababu alikuja kuulizia mashine. Akampigia tajiri wake. Munyao alimjibu wachukue, ikizama imezama. Sijawahi kumtania Munyao tena tangu siku hiyo.

Fundi alitazama vile vipande mezani. Kisha akanitazama.

"Nawa mikono," akasema. "Na sabuni. Tunafunga."

Nilitaka kukimbia mtoni. Akaniambia mtoni kuna watu wengi wa kutazama, na hapa kuna mikono minne tu inayojua kila kipande kinakaa wapi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimevitoa. Nikabaki. Naandika haya ili mjue jinsi inavyofungwa injini ambayo mtu anaingoja.

Inafungwa polepole. Nilichukua klipu ya pini ya pistoni, ile ndogo kama kope, na Fundi akanishika mkono akasema weka kitambaa kwanza kwenye mdomo wa krenki. Nikaweka. Klipu ikaniruka, ikaanguka kwenye kitambaa. Kama kitambaa hakingekuwepo ingeingia kwenye krenki na tungefungua injini yote tena. Msiwahi kufunga klipu bila kitambaa. Hata kama nyumba inaungua.

Halafu ilibidi tuiharibu kazi yetu wenyewe. Injini ilikuwa imeundwa kwa mbio, imebanwa sana, inataka petroli safi. Petroli iliyokuwepo Kanyangi siku hiyo ni ya chupa za barabarani, na zile zina mafuta ya taa ndani. Ingejipasua kabla ifike katikati ya mto. Fundi akaweka gasketi mbili kwenye hedi badala ya moja, ili isibane sana. Akatoa impela ya mashindano, ile feni ya ndani ya pampu inayosukuma maji, yenye mapezi makali ya kukimbia na mtu mmoja mwepesi, akarudisha ile ya zamani inayovuta mzigo. Kioko alimuuliza kama bado itakuwa na kasi.

"Leo hatutaki farasi," Fundi akasema. "Tunataka punda."

Kukaza bolti za hedi ni kwa zamu, katikati kwanza, kwa msalaba, kidogo kidogo. Nilizikaza nikihesabu kwa sauti kwa sababu nikinyamaza nilikuwa nasikia mto. Gereji iko mbali na mto. Lakini nilikuwa nausikia.

Kuijaribu ilikuwa lazima. Pipa letu lilikuwa tupu. Sikujua nani aliwaambia, lakini wakina mama walikuja na mitungi yao, yule aliyemuuliza Fundi habari ya dhambi akiwa mbele, wakamimina maji yao ya kunywa kwenye pipa, mtungi baada ya mtungi. Injini ikawaka. Maji yakapita, yakamwagika chini, yakafuata njia mpaka barabarani. Hakuna aliyeleta beseni.

Tuliisukuma kwa mkokoteni mpaka mtoni. Mchana ulikuwa umeshageuka. Mama yangu, ambaye nyumbani tunamwita Mwaitu, alikuwa amesimama mbele kabisa, leso imefungwa kiunoni, miguu ndani ya matope. Wenzake wa kanisa walikuwa wanaimba. Yeye hakuwa anaimba. Alikuwa anatazama mwamba, ambao kufikia hapo ulikuwa umebaki mdogo kama meza, na watu watatu wameshikana juu yake.

Kioko akaingia majini. Niseme ukweli, aliiendesha vizuri kuliko alivyowahi kuendesha kwenye shindano lolote. Aliteleza upande, akapanda juu ya mkondo, akashukia mwamba kutoka juu kama anayeegesha. Aliyekuwa karibu zaidi na jeti alikuwa Musyoka. Tuliona wote. Alimshika Mutinda kwa mshipi wa suruali, akamrusha nyuma ya Kioko kama gunia. Wakaja. Mutinda aligusa nchi akatapika, akaketi.

Safari ya pili, Musyoka alimbeba Mzee Nzioka mgongoni akampandisha. Mzee alikuwa anakataa, anampiga begani. Kioko aliniambia baadaye kwamba mzee alisema yeye ameshaishi, waanze na kijana, na Musyoka akamwambia, "Mzee, wewe una goti. Mimi nitarukia." Wakaja. Punda alikuwa anavuta vizuri.

Safari ya tatu, Kioko akiwa karibu kufika, nilisikia sauti. Injini ilipanda juu, ikapiga kelele, lakini jeti haikusonga. Hiyo sauti mtaijua mkikaa gerejini. Ni pampu imemeza kitu. Mkondo ukamchukua Kioko chini, akapambana mpaka akagusa ukingo wetu mbele kidogo. Tukakimbia. Wanaume wakainamisha jeti upande, nikalala kwenye matope, nikaingiza mkono kwenye mdomo wa pampu. Lilikuwa gunia, moja ya yale wapakiaji wanatandika mabegani, na mizizi na matawi ya mgunga. Miiba iliingia kwenye mkono, sikuihisi. Nikavuta, nikakata kwa kisu cha Fundi, nikavuta. Lilitoka lote. Fundi akasema, "Vizuri, mwanangu, vizuri," na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo.

Nikainua kichwa niangalie mwamba. Pale mwamba ulipokuwa palikuwa na maji.

Kioko alirudi ndani. Alizunguka hapo mpaka mafuta yakaisha. Hakuna mtu aliyemwambia aache.

Maji yalipopungua, wapakiaji wenzake walimpata Musyoka, mbali sana huko chini, kwenye mchanga. Wakamleta wenyewe. Hawakutaka gari la mtu. Kwenye mazishi pasta alisema Mungu ana mpango, na mimi nilitaka kumuuliza anapima na waya gani, lakini Fundi Athmani alikuwa amekaa karibu yangu na kofia yake mapajani, akaniweka mkono kwenye goti. Mzee Nzioka hakuweza kuingia boma. Alisimama kwenye ua wa nje tangu asubuhi mpaka watu walipoondoka. Mutinda alichimba kaburi.

Sikufutwa kazi. Fundi bado anatundika aproni yangu kwenye msumari wangu, na injini ya Munyao imefungwa vizuri, gasketi moja, impela ya mbio. Ilishinda Pasaka, nimesikia. Nimestaafu kwa sababu ile sauti ya pampu ikimeza, siwezi kuisikia tena na mikono yangu ibaki imetulia, na fundi mwenye mikono isiyotulia anaua mtu. Chukueni nafasi. Kioo cha kusugulia hedi kina ufa kwenye kona, msikiegemee. Jiwe dogo la kusaga lifichwe, Kioko hulichukua. Na maji yakitoka kwenye injini, yaacheni yaende.

Mwaitu sikuwa nimemwambia. Alijua injini ilikuwa imefunguliwa, kila mtu alijua, lakini hakujua ni kwa nini. Nilimwambia jioni moja baada ya watu wa matanga kwisha kurudi makwao. Alikuwa ameweka sahani ya muthokoi mbele yangu, na mimi nikaongea juu ya sahani badala ya kula. Nilimwambia yote, maji ya kurudisha, video, ulimi. Nikamwambia kama ningemwaga yale maji, jeti ingekuwa nzima, Kioko angeingia mtoni asubuhi mwamba ukiwa bado mkubwa, na angekuwa na nafasi ya kwenda mara nyingi vile anataka. Nilingoja anilaani. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilikuwa nimevaa viatu.

Alisogeza sahani karibu na mkono wangu.

"Kula, Kyalo," akasema. "Jeti ilifika pale mara mbili na akabaki. Ni mimi nilimfundisha kutanguliza wengine."